Mzoefu wa riwaya za upelelezi anahamiaje kwenye ushairi, tamthilia na historia?

Mpekuzi_wa_Kurasa

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa wanaosoma tanzu nyingi.

Riwaya ya upelelezi ya kurasa 250 naimaliza kwa siku tatu bila shida. Diwani au tamthilia nikifika ukurasa wa 30 macho yanatembea juu ya maneno lakini hakuna kinachobaki. Historia naiachia katikati. Mapenzi ya kusoma ninayo, na muda upo, kama saa moja kila siku.

Siombi orodha ya vitabu bora, hizo zimejaa kila mahali. Nauliza namna: mtu akae vipi mbele ya kila utanzu ili aonje utamu wake? Nianzie wapi? Na kitabu kikinishinda nijuaje kama tatizo ni langu au la kitabu?

---

Kalamu_Nyeusi

Mkuu, umelitaja tatizo mwenyewe: siku tatu kwa kurasa 250. Huo ni mwendo wa utanzu mmoja, nawe unauingiza kwenye tanzu zote.

Riwaya ya upelelezi imeundwa ili umkimbize mtu. Mwandishi anaficha jibu la swali moja kubwa, na kila sura inaishia mahali panapokusukuma kwenye inayofuata. Jicho linazoea kuruka maelezo ya chumba, hali ya hewa, mavazi, likitafuta tukio. Utamu umewekwa mwisho. Kwenye shairi umewekwa ndani ya mstari wenyewe, kwenye hadithi fupi mara nyingi uko katika kile ambacho hakikusemwa, na kwenye historia uko katika "kwa nini" kuliko "nini kilifuata". Ukipita mbio unafika mwisho ambako hakuna kitu kilichokuwa kinakusubiri, halafu unadhani kitabu kibovu.

Usiache upelelezi. Utumie kama shule, hivi:

Chukua riwaya mpya ya upelelezi. Ukipita kidogo robo tatu yake (kama ni kurasa 250, simama kwenye ukurasa wa 200 hivi, kabla mpelelezi hajakusanya watu wote), funga kitabu. Andika kwenye karatasi majina ya wanaoshukiwa, kila mmoja alikuwa wapi, angefaidika nini, na kauli moja ya kila mtu iliyokutia shaka. Mtaje mkosaji wako. Ndipo umalize. Kisha, na hapa ndipo watu huchoka mapema, rudi usome upya sura tatu za mwanzo. Ishara zote utazikuta pale: sentensi uliyoiruka ukidhani ni pambo, saa iliyotajwa mara mbili, mtu aliyejibu swali ambalo hakuulizwa.

Kanuni ya kukupa ishara ni ya kale katika utanzu huu. Hadithi ya Edgar Allan Poe ya mwaka 1841 ndiyo hutajwa kuwa ya kwanza ya upelelezi wa kisasa, na mwaka 1929 Ronald Knox aliandika kanuni kumi za uandishi wake. Ya kwanza ni kwamba mkosaji lazima awe ametajwa mapema katika hadithi. Kwa hiyo mwandishi mwaminifu hakufichi kitu, anategemea haraka yako. Kwetu Muhammed Said Abdulla alimleta mpelelezi wake Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960, na mazungumzo yake yanadai jicho hilohilo la taratibu, maana Bwana Msa hufikiri kwa kuongea.

Ukifanya hivyo na riwaya mbili tu, jicho limeshajifunza kusoma sentensi badala ya ukurasa. Baada ya hapo nenda kwenye hadithi fupi. Hapa kuna kosa moja kubwa: kusoma mkusanyiko wa hadithi kama riwaya, hadithi nne kwa mpigo. Ya pili inaifuta ya kwanza, ya tatu inaifuta ya pili. Soma moja kwa kikao kimoja bila kukatiza, funga kitabu, jiulize nani amebadilika kati ya aya ya kwanza na ya mwisho, na ni katika sentensi gani. Kisha irudie. Hadithi ya kurasa 8 hata ukiisoma mara mbili haitakula nusu saa, na mara ya pili ndiyo yenye raha zaidi, kwa kuwa sasa unajua kila neno linaelekea wapi.

Ushairi na tamthilia nawaachia wenzangu wanaovijua kuliko mimi.

---

Mwanamizani

Nichukue ushairi.

Shairi la kimapokeo soma kwa sauti. Si lazima upaze, midomo ikitembea inatosha, ila sikio lihusike. Shairi la Kiswahili limepimwa kwa sikio, na macho peke yake hayawezi kukuonyesha kipimo.

Anza na tarbia, yaani ubeti wa mishororo minne. Mpangilio uliozoeleka ni mizani 16 kwa kila mshororo, 8 katika kipande cha kwanza (ukwapi) na 8 katika cha pili (utao). Hesabu kwa vidole. Mfano:

*Kitabu nakifungua, macho yakaona mbali*
*Mwandishi anachimbua, hoja zake kwa makali*

Ki-ta-bu-na-ki-fu-ngu-a, nane. Ma-cho-ya-ka-o-na-mba-li, nane. Mshororo wa pili uhesabu mwenyewe. Wanaoanza hukosea kwenye silabi zenye *m* na *n*. *Mtu* ni mizani mbili (m-tu), *nchi* ni mbili (n-chi), *mbwa* ni mbili (m-bwa). Lakini *ndege* ni mbili tu (nde-ge), si tatu, na *mwana* ni mbili (mwa-na). Ukihesabu *mtu* kuwa moja utamlaumu mshairi kwamba amepunguza mizani kumbe hesabu yako ndiyo iliyopunguza.

Hesabu ina faida gani kwa msomaji ambaye hataki kutunga? Inakuonyesha mahali mshairi alipobanwa. Ukiona amefupisha neno, amepindua mpangilio wa sentensi au ameleta neno la kale, simama hapo: ama alilazimika kwa ajili ya kipimo, ama alitaka usimame. Kutofautisha mambo hayo mawili ndiyo raha yenyewe ya kusoma mashairi.

Baada ya tarbia nenda kwenye utenzi. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kimoja mizani 8. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, cha nne kina kina cha bahari ambacho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Matoleo mengine hupanga vipande hivyo katika mistari minne, mengine viwili viwili. Usichanganyikiwe, ni ubeti uleule. Kwa kuwa utenzi unasimulia au unatoa nasaha, mtu wa riwaya kama wewe atashika mkondo haraka kuliko kwenye shairi fupi la mafumbo. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, unafaa kuanzia: sauti ni moja, mama anamwusia binti yake, na beti zake zinakaribia 100 tu.

Kinachowakatisha tamaa wengi hapo ni lugha ya Kiamu, yaani lahaja ya Lamu. Jifunze mabadiliko matatu tu, na nusu ya ukungu itaondoka: penye *ch* mara nyingi utakuta *t* (*mato* ni macho), penye *j* utakuta *y* (*kuya* ni kuja, *moya* ni moja), penye *nj* utakuta *nd* (*ndia* ni njia). Ongeza kiambishi tamati *-ile* cha wakati uliopita, kama *aketile* kwa maana ya ameketi. Tafuta toleo lenye sharhe, usome ubeti kwanza bila kuitazama, ndipo ushuke kwenye maelezo. Ukianza na maelezo unasoma maelezo, si shairi.

Kuhusu shairi huru: mtu husema "halina vina, kwa hiyo ni nathari iliyokatwakatwa". Jaribu kuliandika upya kama aya ya kawaida. Kama hakuna kilichopotea, basi kweli ni nathari. Mara nyingi utagundua kwamba mkato wa mstari ulikuwa umebeba maana mbili, na aya imeua moja.

Kiasi: mashairi mawili kwa siku, yasizidi matatu. Diwani si kitabu cha kumaliza kwa wiki. Iweke karibu na kitanda ikae miezi.

---

Mpekuzi_wa_Kurasa

Asante sana, Mwanamizani. Nimehesabu ule mshororo wa pili: mwa-ndi-shi-a-na-chi-mbu-a, nane. Ho-ja-za-ke-kwa-ma-ka-li, nane. Nimeelewa.

Tamthilia je? Majina yananichanganya. Nikifika onyesho la pili sijui tena nani anasema na nani.

---

Nyuma_ya_Pazia

Ndugu, unachanganyikiwa kwa sababu tamthilia haikuandikwa ili isomwe kimya. Ni maagizo kwa waigizaji. Msomaji analazimika kufanya kazi ya mwongozaji, hivyo mpe vifaa vyake.

Nakili orodha ya wahusika kwenye kipande cha karatasi na ukitumie kuwekea alama ukurasa, ili kiwe mbele yako muda wote. Mbele ya kila jina andika neno moja: mume, mjomba, karani, adui. Kwenye karatasi nyingine chora mraba, huo ndio ukumbi. Weka alama mlango ulipo, kiti kilipo. Kila onyesho linapoanza andika nani yumo ndani, na anayetoka mfute. Inaonekana ni kazi nyingi, lakini baada ya kurasa 15 hutahitaji tena mchoro, picha itakuwa imejijenga kichwani.

Usiruke maelekezo ya jukwaani, yale yaliyo kwenye mabano au herufi za mlalo. Anayetoka mbio kwenye riwaya za upelelezi huyaruka kwa mazoea. Mhusika akisema "nimefurahi" huku maelekezo yanasema anageuka dirishani, maana imegeuka pia. Na kila mara jiulize nani yuko jukwaani ambaye *hasemi*. Kitabu hakikukumbushi kwamba yupo, lakini hadhira ingemwona.

Muda nao ni muhimu kuliko mnavyodhani. Tamthilia nyingi zinachezwa kwa saa mbili hadi tatu. Ukiisoma kwa kurasa tano kila siku unaua mvutano uliojengwa kwa kikao kimoja. Gawa kwa sehemu zake: kama ina sehemu tatu, soma sehemu nzima kila mara unapokaa, kwa vikao vitatu. Saa yako moja ya siku inatosha kabisa.

Kwa kuanzia, *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein (1969) ni nzuri, ila ujue jambo moja: ina mhusika wa kweli wa historia ya Maji Maji, lakini ni tamthilia, na mwandishi amemuumba Kinjeketile wake. Ukiisoma kama kitabu cha historia utagombana nayo bure.

Kama unapenda kulinganisha, Julius Nyerere alitafsiri tamthilia moja ya Shakespeare mara mbili, toleo la 1963 na lile la 1969 lililopewa jina *Juliasi Kaizari*. Ukiyapata yote mawili, weka hotuba moja upande kwa upande. Utaona mtu yuleyule akibadili mawazo yake juu ya neno moja moja, na hakuna somo la tafsiri linalozidi hilo.

---

Faharasa

Niingie kwenye historia, maana naona imepitwa.

Kitabu cha historia kinaachwa katikati kwa sababu kinasomwa kutoka ukurasa wa kwanza kwenda mbele. Usifanye hivyo. Tumia dakika 30 za kwanza hivi: soma dibaji (mwandishi hueleza hapo anabishana na nani), soma yaliyomo yote, angalia ramani, kisha nenda moja kwa moja sura ya mwisho uisome. Ndiyo, ya mwisho. Hiki si kitabu cha upelelezi, hakuna siri ya kuharibu. Ukishajua mwandishi anataka kukufikisha wapi, kila tukio katikati linakuwa ushahidi unaoupima, na hapo uzoefu wako wa kuwashuku watu unapata kazi.

Weka karatasi ya miaka. Isizidi mistari 15. Ikizidi umeanza kunakili kitabu. Na kwenye kando ya kitabu (kwa penseli, kama ni chako) weka alama mbili tu: T kwa tukio, M kwa maoni. "Jeshi liliondoka mwezi wa tatu" ni T. "Jeshi liliondoka kwa hofu" ni M, na hapo shuka kwenye tanbihi uone hofu hiyo ameitoa wapi. Kitabu chenye M nyingi zisizo na tanbihi kinakuambia kitu juu yake chenyewe. Tazama pia mwaka wa kuchapishwa wa toleo la kwanza, si wa toleo ulilonalo, kwani ndio unaokuambia mwandishi angeweza kujua nini.

Wasifu na tawasifu ni ndugu lakini usiwasome kwa namna moja. Kwenye wasifu mwandishi anamwandika mtu mwingine, kwa hiyo unapima vyanzo. Kwenye tawasifu mtu anajiandika, kwa hiyo pima ukimya. Fanya hesabu rahisi: kitabu cha kurasa 300 juu ya miaka 60 ya maisha kina wastani wa kurasa 5 kwa mwaka. Ukikuta utoto umepewa kurasa 90 na miaka kumi ya utu uzima imepewa kurasa 4, umepata mahali ambapo mwandishi hakutaka kukaa. Si lazima iwe uovu, inaweza kuwa maumivu. Ila ukishaiona hesabu hiyo, kurasa 4 zile utazisoma polepole kuliko zote.

Kitabu cha kusikiliza kinafaa kwa tawasifu, hasa ikisomwa na mwenyewe. Kwa historia yenye ramani na majina mengi hakifai, utapotea na kurudi nyuma ni tabu.

---

Kalamu_Nyeusi

Nimerudi kwa lile swali la mwisho ambalo halijajibiwa: kujua kama tatizo ni lako au la kitabu.

Wako wanaosema soma kurasa 50, usipopenda acha. Kanuni hiyo inafaa kwa riwaya ya kawaida tu. Kwa bunilizi ya kisayansi ni mapema mno. Kurasa 40 za mwanzo mwandishi anakumwagia maneno ya ulimwengu usioujua na hayaelezi kwa makusudi. Usisimame kuyatafuta. Yaandike tu pembeni, mengi yatajieleza kufikia sura ya tatu. Kwa diwani kurasa 50 ni nyingi mno, mashairi sita yanatosha kumjua mshairi.

Na kuna vitabu ambavyo umbo lake ndilo linalomchosha msomaji asiyejua anachokitazama. *Kusadikika* ya Shaaban Robert (1951) ni mfano. Mtu wa upelelezi huisoma akisubiri kesi ya Karama ipande joto, kumbe kila siku mahakamani inaleta safari ya mjumbe mwingine: mashariki, kaskazini, kusini, magharibi, mbinguni, ardhini. Safari sita, mtindo mmoja, mjumbe anarudi na jambo jema na analipwa mateso. Anayesubiri tukio jipya huchoka safari ya tatu. Anayejua kwamba ni istiari anauliza swali jingine kila mara: safari hii inaongeza shtaka gani dhidi ya watawala? Kitabu kilekile, swali tofauti, na uchovu unaondoka. Mary Shelley naye katika *Frankenstein* (1818) aliweka hadithi ndani ya hadithi: nahodha anaandika barua, ndani yake mwanasayansi anasimulia, ndani yake kiumbe anasimulia. Asiyeandika kando "sasa anasema nani" hupotea, na kosa si la kitabu.

Kwa hiyo kabla ya kuacha, jaribu mambo mawili. Badili mwendo (soma kurasa 5 kwa sauti), kisha badili swali. Kama vyote viwili havikusaidia, acha bila majuto, na uandike ukurasa ulioachia na sababu kwa sentensi moja.

---

Mwanamizani

Naafiki, ila nina tofauti moja na Kalamu_Nyeusi. Kuna vitabu ambavyo kubadili swali hakutasaidia kwa sasa, kwa sababu msomaji bado hajasoma vilivyovitangulia. *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991) za Kezilahabi ni vyembamba, mtu anaona anavimaliza jioni moja, halafu anatoka mikono mitupu. Vinaongea na falsafa, visasili na dini kwa wakati mmoja, na havifuati mfululizo wa matukio. Hivyo havijakushinda, vimekuja mapema. Viweke kando, na kwenye ile sentensi ya sababu andika "baadaye".

---

Mpekuzi_wa_Kurasa

Nimenakili yote. Swali dogo la mwisho: nisome utanzu mmoja mpaka niuzoee, au nichanganye?

---

Nyuma_ya_Pazia

Changanya, lakini visizidi vitatu kwa wakati mmoja na visifanane mwendo. Kimoja kizito cha mwanzo wa saa yako wakati akili haijachoka (historia, dakika 30), kimoja cha kukimbiza (upelelezi wako, dakika 20), na shairi moja la kufungia, dakika 10. Riwaya mbili kwa pamoja usithubutu, wahusika wataanza kutembeleana. Siku ya tamthilia, weka vingine vyote pembeni na uipe saa nzima.